Sauti ya Bi. Tunu na Waifai Iliyozimwa

Sogeeni karibu. Kisa hiki hakimtaki msikilizaji mpole. Kinamtaka mtu aliye tayari kubishana na jirani yake kitakapokwisha. Mimi nitawaeleza kama kilivyotokea, bila kumwegemea yeyote, kisha kazi itakuwa yenu.

Katika mtaa wa Isevya, mjini Tabora, kulikuwa na wanawake watatu waliokuwa wakiingia na kutoka katika nyumba moja, nyumba ya Mzee Maftaha.

Wa kwanza aliitwa Mwamvua, binti wa kumzaa wa mzee huyo. Kipaji chake kilikuwa macho. Hakuna kilichompita. Ukihamisha sufuria kutoka rafu ya juu ukaiweka ya chini, Mwamvua ataingia jikoni na neno lake la kwanza litakuwa, "Nani kaigusa hii?" Ukimwambia umeamka salama, atakutazama mara moja tu, halafu akuulize ulikuwa unalilia nini. Wapo waliomwona msumbufu. Lakini kitu kikipotea, ni yeye waliyemwendea.

Wa pili aliitwa Nyanzala. Huyu aliolewa na Hamduni, mtoto wa kiume wa Mzee Maftaha, kisha wakaachana. Talaka ilimtoa kwa Hamduni, haikumtoa kwa wakwe zake. Alipanga chumba mtaa uleule, na kila asubuhi alikuja kumwogesha mama mkwe wake mgonjwa kama alivyokuwa akifanya siku zote. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Alichokiona mara moja hakikufutika. Angeweza kukwambia ulivaa nini kwenye harusi ya mtu aliyekwisha kupata wajukuu, na nani alikaa kushoto kwako, na kwa nini ulinuna.

Wa tatu aliitwa Zamda, mtoto wa mdogo wake mke wa mzee, aliyelelewa humo ndani tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Sisemi umbea. Nasema kuongea na mtu mpaka mtu akalainika. Majirani wakigombania mpaka wa ua, ataitwa Zamda. Mke akirudi kwao kwa hasira, atatumwa Zamda. Na mara nyingi alirudi na alichofuata.

Sasa, mke wa Mzee Maftaha alikuwa Bi. Tunu. Mtaa mzima ulimjua kwa sauti yake. Aliongoza kikundi cha kina mama kwenye maulidi na harusi, na akianza kuimba, hata wapishi walitoka jikoni na miko yao mkononi. Mumewe kisukari kilimnyang'anya macho, kwa hiyo kwa miaka mingi Mzee Maftaha alimjua mkewe kwa sauti tu. Alipenda kusema, "Nyinyi mnamwona Tunu amezeeka. Mimi namsikia yuleyule."

Hamduni, aliyekuwa akifanya biashara ya kwenda na kurudi China, aliwaletea wazazi wake televisheni kubwa yenye kamera juu yake, ili aweze kuongea nao akiwa safarini. Ilikuwa na intaneti, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kichina. Bi. Tunu alipougua na kujua kwamba hatapona, aliomba aketishwe mbele ya kamera ile. Akaongea na mumewe, maneno ya kusikilizwa baadaye. Maongezi yale yakahifadhiwa ndani ya televisheni, na hakuna aliyefikiria kuyaweka mahali pengine. Mtu hawazi kwamba kitu kilichotundikwa ukutani kwake kinaweza kupotea.

Bi. Tunu alifariki alfajiri moja, na Mwamvua, akiwa mkubwa wa watoto, akasema azikwe siku ileile baada ya Adhuhuri. Hamduni alikuwa njiani akitokea Dar es Salaam. Alipofika, udongo ulikuwa umekwisha kusawazishwa. Alisimama pale makaburini, akasema, "Mmemzika mama yangu kama vile mimi mpita njia." Akaondoka bila kuingia nyumbani. Tangu siku hiyo hakupokea simu ya Mwamvua, wala ya Nyanzala, wala ya namba yoyote ya pale nyumbani.

Mzee Maftaha akabaki na sauti. Kila siku baada ya Alasiri aliketi kwenye kiti chake na kusema, "Niwekeeni Tunu." Siku ambazo umeme ulikatika alikuwa hatulii. Alizunguka sebuleni akigusagusa kuta, anaketi, anainuka, anauliza umerudi, anaambiwa bado, anazunguka tena, mpaka wote humo ndani wakawa hawakai.

Ikafika siku ya kuamkia hitma ya arobaini. Wanawake wote watatu walikuwa sebuleni na masinia ya mchele mapajani, wakichambua. Alasiri ikapita. Mzee akasema, "Niwekeeni Tunu."

Zamda akawasha televisheni. Chini kabisa ya kioo kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani unaokua taratibu kuelekea kulia, na kando yake mshale mdogo unaojizungusha. Zamda aliuona, Nyanzala aliuona. Walidhani ni tangazo kama matangazo mengine.

Mwamvua hakudhani. Aliweka sinia chini, mchele ukamwagika.

"Usiondoke hapo," alimwambia Zamda. "Fungua video ya mama. Sasa hivi."

Zamda akabonyeza. Haikufunguka. Picha ndogo ya Bi. Tunu ilikuwa imefifia, rangi ya majivu, haigusiki.

"Nilijua," Mwamvua akasema, na sauti yake haikuwa sauti ya kawaida. "Mshale huu niliuona kwa Hamduni, Dar. Anayo televisheni kama hii. Inajisasisha. Inavuta vitu vipya kutoka kwenye intaneti, na mstari ukifika mwisho inajizima na kujiwasha yenyewe. Kwa Hamduni iliwaka ikiwa tupu. Picha za watoto, video za safari, vyote vilikwenda."

"Tuchomoe waya!" Nyanzala akainuka.

"Usithubutu! Hamduni mwenyewe alisema ukiikatia umeme hapo katikati haiwaki tena, na fundi atakwambia ununue nyingine."

"Basi tukazime intaneti inakotoka."

Hapo ndipo walipotazamana. Intaneti ilitoka chumba cha mbele, kwa mpangaji mwenye duka la daftari na fotokopi, aliyewaruhusu kuitumia kwa ujirani mwema. Mpangaji alikuwa Nzega msibani, mlango wake wa chuma umefungwa kwa kufuli mbili. Na umeme wa chumba chake na wa sebule ulikuwa mmoja, ukikata ule umekata na huu. Zamda alikimbia nje, akatikisa mlango, akarudi anahema.

"Bado?" Mzee Maftaha aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Bado kidogo, baba," wakajibu, na hakuna aliyemweleza.

Mstari ulikuwa umepita nusu.

Ikabaki njia moja, kuingia ndani ya televisheni yenyewe na kuizimia waifai kutoka humohumo. Mwamvua akachukua rimoti, akafungua mipangilio. Safu za maandishi zikashuka kioo kizima, mstari juu ya mstari, na wote watatu hawakujua hata herufi moja ya Kichina. Mwamvua akashuka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole chake kikatua kwenye kitufe cha kukubali.

"Usibonyeze!" Nyanzala alipiga kelele. "Huo ni wa kufuta kila kitu!"

Akamnyang'anya rimoti. Akafumba macho.

"Nyanzala, mstari unakwenda," Zamda akasema.

"Ninyamazieni."

Alikuwa anairudia siku ambayo Hamduni, wakati huo bado mumewe, aliiunganisha televisheni kwa mara ya kwanza. Hamduni amepiga magoti pale kwenye zulia. Yeye Nyanzala amesimama nyuma yake na sahani ya maandazi, na hakuna anayemwomba ashike chochote. Alikuwa amesimama tu akitazama vidole vya mtu aliyempenda. Hamduni alisema, "Hapa pasiguswe, pakiguswa panafuta." Halafu akashuka mpaka kwenye mstari ulioanza na alama kama mlango uliowekwa misalaba miwili ndani yake.

Nyanzala akafumbua macho. Akashuka polepole. Mlango wenye misalaba miwili ulikuwepo. Akauingia. Ndani kulikuwa na safu nyingine. Akapita ya kwanza, akaingia ya pili. Kikatokea kitufe chenye umbo la yai, kimelala upande wa kulia, rangi ya buluu. Hicho ndicho kilichokuwa waifai yenyewe. Akakibonyeza ili kiteleze kushoto.

Hakikuteleza. Vikatokea visanduku vinne vitupu, vimejipanga.

"Namba ya siri," Nyanzala akasema, akaketi juu ya mchele. "Aliifunga siku ileile ili watoto wa jirani wasiichezee. Nilimwona akiweka mkono kuficha. Sikuiona. Wallahi sikuiona."

Mwamvua akajaribu mwaka aliozaliwa ndugu yake. Visanduku vikawa vyekundu, vikajifuta.

"Mwanangu, vipi leo?" Mzee aliuliza. Alikwisha kuinuka. Mkono wake ulikuwa ukutani.

Zamda alikuwa tayari amechukua simu yake, laini mpya ambayo Hamduni hakuijua. Ikaita, ikaita. Ikapokewa.

"Nani?"

"Zamda, kaka."

Hamduni akasema, "Kama umetumwa na Mwamvua, nakata."

"Sikutumwa. Nataka kukuomba radhi."

"Wewe umenikosea nini?"

Zamda aliwatazama wenzake. Mwamvua alikuwa amesimama karibu yake, anasikia kila neno. Mstari wa kijani ulikuwa umebakiza kipande kama upana wa kiganja.

"Mimi ndiye niliyesema mama azikwe bila kukusubiri," Zamda akasema. "Dada Mwamvua alitaka usubiriwe. Mimi nikashikilia, nikawasemesha wazee mpaka wakakubali. Unanijua mdomo wangu. Nimeona aibu kukwambia mpaka leo. Nitukane, kaka, unayo haki. Nitukane mpaka uchoke. Lakini kwanza nipe namba ya siri ya televisheni, maana inajisasisha, na sauti ya mama imo ndani."

Zamda aliiondoa simu sikioni kuangalia kama imekatwa.

"Sauti gani?" Hamduni akauliza hatimaye.

"Alijirekodi. Wewe hukuingia ndani siku ile, hatukupata nafasi ya kukusikilizisha."

Hamduni akataja namba moja. Akataja ya pili. Akakosea, akaanza upya. Zamda alizirudia kwa sauti na Nyanzala akabonyeza, mpaka ya nne. Kitufe chenye umbo la yai kikateleza kushoto na kugeuka kijivu.

Mstari wa kijani ukasimama. Mshale ukazunguka kidogo, kama mtu anayetafuta njia, kisha mshale na mstari vikapotea pamoja. Televisheni haikuzimika. Picha ndogo ya Bi. Tunu ikarudiwa na rangi zake.

"Bado?" Mzee Maftaha aliuliza.

Zamda akabonyeza.

"Maftaha," Bi. Tunu akasema, akacheka kidogo, akakohoa. "Usivae ile kanzu ya rangi ya krimu, imechakaa mgongoni. Wewe huoni, lakini watu wanaona."

Mzee akarudi kwenye kiti chake bila kugusa ukuta.

Wanawake watatu walikaa chini na kulia, na mchele ulichambuliwa upya kutoka kwenye zulia. Kabla ya Magharibi, Zamda alikuwa amenunua flashi, Mwamvua ameona tundu la kuichomeka, na Nyanzala amekumbuka jinsi Hamduni alivyohamisha picha. Sauti ikawa salama mahali pawili.

Kama kisa kingeishia hapo, nisingewasumbua. Lakini kesho yake kulikuwa na hitma, na Hamduni akaja.

Alikuja na basi la usiku, macho mekundu. Akamkumbatia dada yake Mwamvua, akalia begani mwake, akasema, "Nisamehe, nilikudhania vibaya." Akamsalimia Nyanzala kwa adabu. Zamda alipomnyooshea mkono, Hamduni alipita kama aliyepita mbele ya nguzo ya umeme. Zamda akaurudisha mkono wake, akaenda kutenga chakula. Mwamvua, ambaye hakuna kinachompita, aliyaona yote hayo. Alifungua mdomo, akaufunga. Na siku nzima hakutulia. Aliingia jikoni, akatoka, akaanza sentensi, akaziacha.

Baada ya dua, Mzee Maftaha aliomba aletewe kitu kutoka chumbani kwake. Kilikuwa tari la Bi. Tunu, lile aliloshika mbele ya kikundi tangu usichana wake, ngozi imeiva, ukingo umelainishwa na vidole. Kina mama wa kikundi walijua tari hilo halishikwi na wawili. Anayelishika ndiye anayesimama mbele, ndiye anayeanza, na wengine wanamfuata.

"Tunu aliniachia hili," mzee akasema, "akaniambia nitajua wa kumpa. Jana nusura nimpoteze mara ya pili. Nimeambiwa aliyemrudisha yumo humu. Nampa yeye. Ni nani?"

Mama mmoja akasema kwa sauti, "Si Mwamvua? Ndiye aliyeona."

"Ndiyo, baba," Mwamvua akasema, na uso wake haukutulia. "Wenzangu waliutazama ule mstari wakaendelea kuchambua mchele. Ningenyamaza, tungekaa hapa tukisubiri video ifunguke huku inafutwa. Kumbukumbu ingekumbuka nini, na ulimi ungeomba nini, kama hakuna aliyejua kuna hatari?"

"Uliona, dada, sikatai," Nyanzala akajibu. "Lakini kidole chako kilikuwa juu ya mstari wa kufuta. Macho yako yalituonyesha moto, kisha mkono wako ukataka kuumwagia petroli. Mimi si mtoto wa nyumba hii, na tangu niachike si mke wa nyumba hii. Nilichobaki nacho ni yale niliyoyaona humu. Hayo ndiyo niliyoyatoa."

Wote wakamgeukia Zamda. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Zamda alichelewa kusema.

"Mliona, mkakumbuka, mkafika mlangoni," akasema. "Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa kwa mtu asiyetaka kusikia majina yenu. Nimeupata. Bei yake naijua mimi." Hakumtazama Hamduni, hakumtazama Mwamvua.

Hamduni akasema, "Bei gani?"

Zamda akaanza kumimina chai. Mwamvua akainuka nusu, akaketi.

Basi watu wakaanza. Wapo waliosema tari ni la damu, apewe binti. Wapo waliosema apewe aliyemwogesha marehemu mpaka siku ya mwisho bila kulazimishwa na mtu. Wapo waliosema anayesimama mbele ya kikundi anahitaji ulimi kuliko kitu chochote. Mtu mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema kwamba kama ni hesabu ya haki, hata Hamduni angeweza kudai, kwani namba ilikuwa yake. Wakamzomea, kisha wengine wakaanza kufikiri kwamba hakukosea sana. Kelele zikapanda mpaka chai ikapoa. Mwamvua alikuwa ameshika ukingo wa mkeka, anaukunja na kuukunjua.

Mzee Maftaha alilinyoosha tari mbele yake kwa mikono miwili, lakini haoni, na hakujua yupi yuko upande gani. "Semeni mapema," alisema. "Mikono inachoka."

Nami nimewaleta mpaka hapo, na sitawavusha. Mmoja aliona hatari, akanyamazia ukweli. Mmoja aliijua njia katika nyumba ambayo hakuwa tena wa humo. Mmoja alifungua kwa uongo, na uongo ule umemkosesha kaka. Ondoa mmoja wao, na sauti ya Bi. Tunu haipo.

Wewe uliyekaa kimya muda wote huu, chukua tari hilo mikononi mwa mzee. Sasa tuambie: unamkabidhi nani, na hao wengine wawili utawaambia nini?